Lancaster kwa siku moja au mbili: ngome, gati, bustani au ufuko?

Mwaka jana mama mdogo alikuja Manchester kututembelea akitokea Tanga. Wiki ya pili akaniambia, "Mwanangu, maduka nimeyachoka. Nipeleke mahali penye historia, ila usinizungushe kutwa, miguu hii si ile ya zamani." Nikampeleka Lancaster. Wageni wangu wengine nimeshawapeleka huko pia, wenye watoto na wasio na watoto, na kila safari swali ni hilo hilo: mji ni mdogo lakini vya kuona ni vingi, na siku haitoshi. Kipi kiachwe?

Lancaster ndio mji mkuu wa kihistoria wa kaunti ya Lancashire, kaskazini magharibi mwa Uingereza. Ofisi za halmashauri ya kaunti siku hizi ziko Preston, lakini jina, ngome na mahakama kongwe vimebaki Lancaster. Treni kutoka London Euston huchukua kama saa mbili na nusu, na kutoka Manchester kama saa moja. Ukishuka stesheni ngome unaiona hapo juu kilimani, dakika tano kwa miguu, na ndiyo maana karibu kila mgeni huanza na ngome, kisha akapanda bustani ya Williamson, akapiga picha, akarudi zake.

Mimi nasema mapema kabisa: anza gatini. Nimejaribu kuanzia huku na kuanzia kule, na nimeona kwamba aliyeanza gatini huielewa ngome, huyaelewa makabati ya mahogani kwenye nyumba za matajiri, huielewa hata bustani ya mlimani. Aliyeanza ngomeni, gati kwake huwa ni mto tu na majengo ya zamani.

Ngome au gati?

Ngome imekaa palepale Warumi walipojenga boma lao. Mnara mkuu ni wa karne ya 12. Lango, lenye minara miwili mizito, ni la mwanzoni mwa karne ya 15, zama za Mfalme Henry IV, ambaye kabla ya kutwaa kiti alikuwa mwenyewe Mtawala wa Lancaster. Mpaka leo ni mali ya milki ya Lancaster, yaani ya mfalme wa Uingereza. Ngome nyingi za nchi hii ni magofu au majumba ya maonyesho. Hii imefanya kazi muda wote: ilikuwa gereza hadi 2011, na mahakama bado inakaa ndani yake. Kwa hiyo siku ambayo kesi inasikilizwa, baadhi ya vyumba hutaviona. Kama unataka kuiona mahakama yenyewe, piga simu kwanza au nenda wikiendi.

Kuingia uani ni bure. Ndani unaingia kwa kulipia, pamoja na mwongozaji, na ziara huchukua zaidi ya saa moja ya kusimama na kupanda ngazi. Waongozaji wa pale wanaijua kazi yao. Wanakupitisha kwenye seli za chini zisizo na dirisha, halafu wanaufunga mlango ili uone giza lenyewe lilivyokuwa. Mahakamani, kizimbani, kuna chuma cha kubania mkono wa mshtakiwa na kando yake chuma cha kuchomea chapa, chenye herufi M mwishoni, kuonyesha kwamba huyu ni mtenda maovu. Ni kidogo, kinashikika kwa mkono mmoja kama chuma cha kupigia chapa ng'ombe. Nilimwona mwanafunzi mmoja akikitazama huku akijisugua kiganja bila kujua.

Kesi iliyoipa ngome hii jina ni ya Agosti 1612, ya wale walioitwa wachawi wa Pendle. Walikuwa wengi wao maskini wa vijijini, wakiwemo bibi wazee, wakituhumiwa kuua majirani kwa uchawi. Shahidi mkubwa alikuwa mtoto wa miaka 9 hivi, Jennet Device. Walimsimamisha juu ya meza ili mahakama nzima imwone, akatoa ushahidi dhidi ya mama yake mzazi na kaka yake. Tarehe 20 Agosti watu 10 walinyongwa, na hao wawili walikuwamo, pamoja na dada yake. Mama mdogo aliposikia alinishika mkono: "Kumbe na huku walikuwa wakiwaua vikongwe?" Ana kumbukumbu ya mambo aliyoyaona alipokuwa mwalimu Usukumani, na hatukuongea tena mpaka tukatoka nje.

Mahakama hiyohiyo ndiyo iliyowahukumu, mwaka 1975, watu sita kwa mabomu ya Birmingham. Walikaa gerezani mpaka 1991, hukumu ilipobatilishwa. Ukisimama mle ndani huku ukijua hivyo, jengo halibaki kuwa la kale tu.

Sasa gati. Ukishuka kutoka kilimani kama dakika kumi unafika mto Lune na St George's Quay, safu ndefu ya maghala ya mawe ambayo siku hizi ni makazi ya watu. Katikati yake kuna Nyumba ya Forodha, iliyojengwa 1764 kwa ramani ya Richard Gillow, wa ile familia ya mafundi samani. Nguzo zake nne za mbele kila moja ni jiwe moja zima. Ndani ni makumbusho ya mambo ya bahari: meli, forodha, uvuvi wa ghuba, mfereji wa mizigo. Ni madogo kuliko ngome, hayana kelele, na ukikaa saa moja yanatosha.

Kinachonirudisha gatini kila mara kiko nje, karibu na daraja la waenda kwa miguu. Ni mnara wa kumbukumbu ya Waafrika waliotekwa, kazi ya msanii Kevin Dalton-Johnson, uliozinduliwa mwaka 2005. Katika karne ya 18 Lancaster ilikuwa bandari ya nne ya Uingereza kwa biashara ya watumwa, nyuma ya Liverpool, London na Bristol. Meli zilishuka mto huu zikaenda Gambia, Sierra Leone na pwani zilizofuata, zikabeba watu, zikawavusha hadi visiwa vya Karibi, zikarudi na sukari, pombe ya ramu, pamba na mbao za mahogani. Bunge la Uingereza lilipiga marufuku biashara hiyo mwaka 1807.

Kwenye mnara kumechorwa orodha: meli, nahodha, mwaka, idadi. Mama mdogo alivaa miwani akaanza kuisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, kama anavyosoma orodha ya majina ya matokeo ya mtihani. Alipofika katikati akasema, "Jina la meli lipo. La nahodha lipo. Hawa wengine ni hesabu tu." Sisi wa pwani ya mashariki tumekua tukisikia Bagamoyo na Mkunazini. Hawa walichukuliwa upande mwingine wa bara na njia yao ilikuwa nyingine, lakini aliisoma orodha yote.

Kwa kulinganisha basi: ngome ni kubwa, ina kivuli dhidi ya mvua, ina mwongozaji anayekusimulia, na inagharimu zaidi. Gati halina mtu wa kukusimulia nje pale, upepo wa mto ni mkali, na mnara unauona bila kulipa chochote. Mwenye Kiingereza cha kubabaisha atahangaika na maneno ya haraka ya mwongozaji ngomeni, ila gatini utamtafsiria kwa mwendo wenu. Kama lazima uchague kimoja, na mgeni wako ni mtu mzima anayependa kufikiri, mpeleke gatini, umalizie kwa kuzunguka ua wa ngome bure. Ukiwa na nafasi ya vyote viwili, gati kwanza.

Ukiwa kilimani usiondoke bila kuingia kanisa la Priory, ukuta kwa ukuta na ngome. Watu huenda kuangalia viti vya wanakwaya vya mbao za mwaloni, vilivyochongwa karibu mwaka 1340, na kweli ni vya ajabu, kila kimoja kimefunikwa na majani ya kuchonga juu yake. Lakini rejista za kanisa hili zina habari nyingine. Mwaka 1778 alibatizwa hapa mwanamke Mweusi, Frances Elizabeth Johnson, mtumishi wa familia ya Satterthwaite, wafanyabiashara walioishi mtaa huohuo wa kilimani; alikuwa ameletwa kutoka St Kitts, kisiwa cha Karibi. Baada ya kufa, mkono wake ulihifadhiwa ukapitishwa katika familia kama kitu cha ukumbusho. Mpaka miaka ya 1990 ndipo ulipozikwa katika viwanja vya kanisa hili. Nje, makaburini, lipo kaburi la familia ya Rawlinson, waliotajirika kwa biashara ya Karibi. Mwaka 2020 mtu alilipaka maneno ya rangi yanayowaita wauza watumwa. Mwaka huohuo wenyeji waliunda kikundi cha historia ya Weusi wa Lancaster, na tangu hapo wamekuwa wakichimba na kufundisha habari za mji wao wenyewe. Nawaheshimu sana kwa kazi hiyo.

Nyumba ya majaji au makumbusho ya mji?

Hapa sitakaa sana. Nyumba ya majaji ilijengwa karibu 1625 na Thomas Covell, mlinzi wa ngome, yule yule aliyewashikilia washtakiwa wa 1612. Baadaye majaji waliokuja kusikiliza kesi walifikia hapo, hadi 1975. Ndani kuna samani za Gillow, na juu kuna vitu vya watoto wa zamani: midoli, nyumba za midoli, madawati ya shule. Meza za Gillow ni nzuri kweli. Pitisha jicho ubavuni mwa meza ya kulia chakula uone jinsi mbao ilivyong'aa kama maji. Robert Gillow, baba wa Richard, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuleta mahogani kutoka Karibi, na meli za Lancaster ndizo zilizoibeba. Ndiyo maana nasema anza gatini. Nyumba hii haifunguliwi mwaka mzima, kwa hiyo hakikisha kabla ya kwenda.

Makumbusho ya mji yako kwenye uwanja wa soko, ndani ya jengo la zamani la manispaa la miaka ya 1780, na kuingia ni bure. Kuna sehemu ya kikosi cha jeshi cha King's Own. Mimi huwapeleka watu kwenye kitu kimoja tu: jiwe la kaburi la Insus, askari wa farasi wa Kirumi, lililofukuliwa hapa mjini mwaka 2005. Yuko juu ya farasi, mkono mmoja ameshika upanga pamoja na kichwa cha adui kwa nywele. Chini ya farasi mwenye kichwa hicho amepiga magoti, shingo tupu, bado ameshika silaha yake. Kaburi la mtu, na ndivyo alivyotaka akumbukwe. Watoto wa kiume hulipenda jiwe hili kupita kiasi.

Mvua ikinyesha na huna hela nyingi, chagua makumbusho. Mpenzi wa mbao na nyumba nzuri achague nyumba ya majaji.

Bustani ya Williamson au ufuko wa Morecambe?

Hapa ndipo familia nyingi hugombana, na kila upande una haki yake.

Bustani ya Williamson iko juu ya mji, ekari 54 hivi, kuingia bure. Kupanda kwa miguu kutoka katikati ya mji ni kama nusu saa na mlima unauma, kwa hiyo mwenye mzee achukue basi au teksi. Juu kabisa kuna jumba jeupe lenye kuba, Ashton Memorial, lililokamilika 1909. Aliyelijenga ni James Williamson, tajiri wa vitambaa vya mezani vya kupakwa mafuta na mazulia ya linoliamu, kwa kumkumbuka marehemu mke wake. Ukipanda barazani unaona ghuba nzima ya Morecambe, na milima ya Lake District ng'ambo. Siku ya anga safi watu huonyeshana kisiwa cha Man.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni la chini ya miguu yao. Bustani hii ilikuwa machimbo ya mawe. Miaka ya 1860 vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani vilifunga njia ya pamba, viwanda vya Lancashire vikasimama, na maelfu ya wafanyakazi wakakosa mkate. Watu hao wasio na kazi ndio waliopewa kibarua cha kuyageuza machimbo kuwa vijia na bustani. Pamba waliyokuwa wakiisubiri ilikuwa inalimwa na watumwa. Hata ile njia nzuri yenye maua unayosukumia kigari cha mtoto inarudi kulekule gatini.

Kwa watoto wadogo kuna nyumba ya vipepeo, ya kulipia, ndani ya jengo la kioo lililokuwa la mitende. Ni la joto na unyevu, na mgeni aliyetoka nyumbani karibuni atajisikia yuko kwao kwa dakika chache. Mama mdogo aliketi kwenye benchi mle akavua koti, mara ya kwanza tangu tulipoondoka nyumbani asubuhi, kipepeo mkubwa wa buluu akamtua kwenye mtandio naye mama mdogo akakataa kutikisika mpaka kipepeo aondoke mwenyewe.

Morecambe iko kilomita 6 hivi, dakika 10 kwa treni. Ni mji wa mapumziko wa zamani: barabara ndefu tambarare ya ufukoni, hoteli ya Midland ya mwaka 1933, nyeupe na iliyopinda kama meli, gati la mawe linaloingia baharini, na sanamu ya mchekeshaji Eric Morecambe, aliyezaliwa hapa akachukua jina la mji kuwa jina lake la jukwaani. Malkia Elizabeth II aliizindua mwaka 1999, na watoto hupanga foleni kupiga picha wakiinua mguu mmoja kama Eric.

Kwa mzee au mtu wa kiti cha magurudumu, Morecambe inashinda bila ubishi: hakuna mlima, benchi ziko nyingi, na ile safu ya milima ng'ambo ya maji unaiona umeketi. Kwa watoto wanaotaka kukimbia na kuona wanyama, bustani inashinda. Jua likikaribia kuzama, nenda Morecambe hata kama umechoka.

Ila lazima niseme jambo hili kwa uzito. Mtu wa pwani akifika Morecambe maji yakiwa yamekupwa, akauona mchanga mtupu mpaka upeo wa macho, miguu humwasha ateremke, maana kwetu watu hushuka pwani maji yakitoka wakachokoe kombe na kulima mwani. Usishuke ukaenda mbali. Unguja bamvua kubwa ni kama mita 4. Hapa tofauti ya kupwa na kujaa hufika mita 10. Maji hayaji mbele yako kwa ustaarabu. Hupita kwanza kwenye mikondo iliyojificha, yakakuzunguka kwa nyuma, na mchanga ulioukanyaga mgumu asubuhi unakudidimiza jioni. Usiku wa tarehe 5 Februari 2004 wafanyakazi wahamiaji kutoka China, waliotumwa kuchokoa kombe gizani, walizingirwa na maji haya. Wasiopungua 21 walikufa. Kuna matembezi ya kuvuka ghuba pamoja na mwongozaji rasmi wa mchanga, cheo kilichokuwapo tangu karne ya 16. Kama hamu ni kubwa, nenda na huyo. Bila yeye baki karibu na ukuta wa ufuko.

Nani aende wapi

Ukiwa na siku moja na unakuja kwa treni: gati asubuhi, panda Priory na ngome kabla ya adhuhuri, kula, halafu treni ya Morecambe jioni. Kwa wenye swala, kuna msikiti Blades Street, si mbali na stesheni, na ndivyo tulivyofanya sisi: adhuhuri pale, kisha chakula.

Ukiwa na watoto wa chini ya miaka 8, ziara ya ngome iache. Ni ndefu, na zile habari za kunyongwa si za umri wao. Waonyeshe lango na ua, wapeleke kwa Insus dakika kumi, kisha bustani na vipepeo siku yote iliyobaki. Wakubwa zaidi, wa sekondari, wape ngome nzima, na kabla ya hapo wape orodha ya gatini waisome wenyewe bila wewe kuwaeleza chochote.

Mwanafunzi mwenye bajeti ndogo hana shida kabisa: makumbusho ya mji, Priory, mnara wa gatini, ua wa ngome na bustani, vyote bila kiingilio. Lete chakula chako, na koti la mvua hata kama asubuhi jua limewaka.

Heysham au Sunderland Point?

Hii ni kwa mwenye siku ya pili, na pande zote mbili ni makaburi ya ufukoni.

Heysham iko kusini mwa Morecambe na basi linafika. Kwenye jabali juu ya bahari, kando ya magofu ya kikanisa cha St Patrick, kuna makaburi yaliyochongwa ndani ya mwamba wenyewe, mengine yakifuata umbo la mwili, na matundu kichwani ambamo zamani ulisimikwa msalaba. Yana zaidi ya miaka elfu moja. Mvua ikinyesha yanajaa maji, na mawingu yanaonekana ndani yake. Chini yake, katika kanisa la St Peter, kuna jiwe la kaburi la zama za Waviking, lenye mgongo kama paa la nyumba, limechongwa watu na wanyama. Kwa uzuri wa macho sijaona mahali pazuri kuliko hapa katika ghuba nzima, na ni rahisi kufika.

Sunderland Point si rahisi. Ni kijiji kidogo kwenye mdomo wa mto Lune, nyumba chache za mawe zilizokuwa sehemu ya bandari mwanzoni mwa karne ya 18, kabla gati la Lancaster na baadaye Glasson Dock, iliyofunguliwa 1787, hazijachukua meli zote. Barabara pekee inatoka kijiji cha Overton na kupita juu ya tope la ufuko, na maji yakijaa inafunikwa kabisa. Basi linakuacha Overton. Kutoka hapo ni gari lako au miguu. Angalia jedwali la maji usiku wa kuamkia safari, uliangalie tena asubuhi, na panga kwenda maji yakiwa yanatoka. Usitegemee duka.

Ukifika kijijini unafuata kijia kati ya nyua hadi upande wa magharibi, ambako hakuna nyumba, kuna upepo, kondoo na bahari. Kwenye kona ya shamba kuna kaburi la kijana Mweusi aliyekufa hapa, kwa kumbukumbu za wenyeji, mwaka 1736. Alikuja na bwana wake kutoka Karibi. Simulizi lililoandikwa miaka mingi baadaye linasema aliachwa nyumba ya wageni, akaamini ametelekezwa, akagoma kula. Kwa kuwa hakuhesabiwa Mkristo, hakuzikwa katika ardhi ya kanisa. Mwaka 1796 mwalimu mstaafu, James Watson, alichangisha fedha akamwekea kibao chenye shairi, linalosema kwamba siku ya hukumu Mungu hataangalia rangi ya mtu bali thamani ya moyo wake. Kibao kinamwita Sambo. Hilo si jina. Ndivyo walivyomwita yeyote wa rangi yake.

Kaburi limezungukwa na mawe madogo ya ufukoni yaliyopakwa rangi na watoto wa shule na wapita njia: maua, mioyo, upinde wa mvua, mengine yameandikwa maneno ya pole. Mengi rangi imeshafifia kwa chumvi.

Kama unauliza kipi ni kizuri zaidi kwa macho, ni Heysham. Kama una siku moja tu ya ziada na gari, mimi ningekupeleka Sunderland Point, maana orodha uliyoisoma gatini ilikuwa ya idadi, na huyu hapa ni mtu mmoja, mahali pamoja, unaweza kusimama karibu naye.

Mama mdogo aliinama akaokota jiwe jeupe kwenye njia ya ufukoni. Hatukuwa na rangi. Akanipa jiwe nishike, akafungua pochi yake, akatoa kalamu ya wino, akauliza, "Tumwandikie nani, mwanangu?" Sikuwa na jibu. Akaandika "Mtoto wa watu", akaliweka upande wa kichwani, akanyoosha mgongo polepole. Saa yangu ilionyesha saa 8 na robo mchana. Tulipovuka kurudi Overton maji yalikuwa yameshaanza kuingia kwenye mifereji ya tope, pande zote mbili za barabara.